Kupe bila ng'ombe: kwa nini gari la spoti la bei nafuu limeadimika

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa sehemu ya kuoshea magari huku Sinza, Dar es Salaam, nasubiri zamu yangu nyuma ya Noah mbili na IST, mara ikaingia Toyota 86 nyeupe. Pale getini kuna tuta. Dereva hakulipanda kwa mbele. Alililaza gari upande, akapandisha tairi moja, kisha la pili, kisha la tatu, kama mzee anayeshuka ngazi usiku, na bado tumbo likakwaruza. Hakuna aliyecheka. Vijana waliacha mipira ikimwaga maji ovyo, simu zikatoka mifukoni, na jamaa mmoja aliyekuwa ameinamia injini ya Noah akainuka akasema, "Hivi Toyota wanashindwa nini kututolea hizi kwa wingi, bei iwe kama ya IST?"

Swali hilo linaulizwa Nairobi, Tokyo na Detroit, kila mahali kwa lugha yake. Kwa miaka mingi mashabiki wa magari wamekuwa wakiomba kitu kilekile: gari dogo, la chini, la milango miwili, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, lenye gia za mkono, kwa bei ya mtu wa kawaida. Viwanda vinasikia, vinatikisa kichwa, kisha vinatoa gari jingine la juu. Wengi wanahitimisha kuwa huo ni uchoyo tu, au kwamba wakubwa wa viwanda ni wahasibu wasiojua raha ya usukani. Wahasibu wapo, sikatai. Ila jambo lenyewe lina mafundo zaidi ya hapo, na tukiyafungua moja moja linaeleweka bila shida.

Tuanze na jina. Neno coupé ni la Kifaransa, maana yake "lililokatwa". Lilianza kama jina la gari la farasi lililofupishwa likabaki na nafasi ya abiria wawili. Leo ni gari la milango miwili ambalo paa lake linashuka kwa mteremko kuelekea nyuma, na siti zake za nyuma zinafaa kuwekea begi kuliko kumkalisha shangazi. Ukilitamka kwa Kiswahili unapata kupe, yule mdudu wa ng'ombe. Zamani niliona ni bahati mbaya ya matamshi. Nilipoanza kufuatilia historia ya magari haya nikaona jina limekaa mahali pake kabisa, na sababu nitaieleza muda si mrefu.

Neno la pili ni spoti. Wengi wanadhani spoti ni nguvu. Toyota 86 ya kwanza, iliyotoka 2012, ilikuwa na nguvu ya farasi 200 hivi. RAV4 ya 2019 iliyouzwa Marekani ina farasi 203. Kwa hesabu ya farasi peke yake, gari la mama anayepeleka watoto shule linalishinda gari la spoti. Tofauti iko kwenye uzito na mahali uzito ulipokaa. 86 ina kilo 1,250 hivi, na injini yake imelala chini kabisa. RAV4 inazidi kilo 1,500 na imesimama wima. Mtazame mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani anavyokata kona, halafu mtazame aliyeishika mkononi. Maji ni yaleyale, lakini wa kwanza anapunguza mwendo, anakaza shingo na kumwomba Mungu.

Neno la tatu ndilo linalowachanganya wengi zaidi: mahitaji. Kwenye biashara ya magari, mahitaji si idadi ya watu wanaolipenda gari. Ni idadi ya watu wenye hela mkononi watakaoingia duka la magari mapya mwaka huu wakasaini. Pale Sinza kulikuwa na wapenzi kama 15 wa ile 86. Wanunuzi, kwa maana hiyo ya kiwanda, walikuwa sifuri. Hata mwenye gari alilinunua mtumba.

Kupe anaishi juu ya ng'ombe

Sasa ile sababu ya jina. Gari la spoti la bei nafuu halijawahi kujitegemea. Siku zote limenyonya kwenye gari la familia.

Chukua Ford Mustang. Ilizinduliwa tarehe 17 Aprili 1964 kwa bei ya kuanzia dola 2,368, na mwaka wake wa kwanza yakauzwa zaidi ya magari 400,000. Watu husimulia habari hiyo kama muujiza wa umbo. Chini ya lile umbo kulikuwa na Ford Falcon, gari la kawaida la baba wa kawaida. Injini, ekseli na sehemu kubwa ya mifupa vilikuwa vimeshalipiwa na wanunuzi wa Falcon. Ford ya Ulaya nayo ikatoa Capri mwaka 1969, ikichota vifaa vya Cortina.

Wajapani walifanya vilevile, na hapa kuna jina ambalo wazee wetu hawalihitaji kufafanuliwa. Toyota Celica ilizaliwa 1970 pamoja na Carina, magari mawili juu ya msingi mmoja. Carina hiyohiyo! Mwalimu mkuu akiendesha Carina kwenda shuleni na kijana wa mjini akiendesha Celica kwenda dansi walikuwa wanakanyagia sakafu ileile. Mauzo ya Carina yalilipa gharama, Celica ikapata nafasi ya kujipamba.

Ili mpango huu ufanye kazi, ng'ombe lazima awe na umbo linalomfaa kupe. Miaka ile magari mengi ya familia yalikuwa ya chini, membamba, yakisukumwa na magurudumu ya nyuma. Ukitaka gari la spoti unabadilisha bodi, unakaza springi, unaongeza pumzi kidogo kwenye injini, kazi imekwisha. Kisha ng'ombe akaanza kubadilika. Mwaka 1983 Corolla ilihamia kwenye mfumo wa magurudumu ya mbele, kwa sababu ni rahisi kuutengeneza na unaacha nafasi kubwa zaidi ya miguu ndani. Toyota wakaziacha kupe za Corolla kwenye mfumo wa zamani hadi 1987, na ndizo zile AE86 ambazo leo mashabiki wanazitaja kama wanavyotaja marehemu mpendwa. Jina la 86 linatoka huko. Mashabiki hao wanalia msiba wa ng'ombe bila kujua.

Ng'ombe wa leo ni RAV4, Harrier na ndugu zao. Ni mrefu, mzito, na injini yake imekaa kwa mkingamo puani. Ukimshusha mnyama huyo mpaka awe gari la spoti la kweli, karibu kila kifaa kitabadilika. Ukifika hapo huazimi tena, unajenga upya.

Suti kwa bei ya sare

Kujenga upya kuna ugumu gani? Nenda kwa fundi cherehani. Mwambie akushonee sare 300 za shule. Atapima mara moja, atakata karatasi ya mfano mara moja, halafu cherehani italia wiki nzima na kila sare itakutoka kwa bei ndogo. Sasa mwombe suti moja, yako peke yako, mabega yako na kitambi chako. Kitambaa kinaweza kuwa na gharama ileile kwa mita, lakini ile akili ya kupima, kukata na kurekebisha yote inakuangukia wewe. Ukimwambia akushonee suti kwa bei ya sare, atakutazama tu, kisha atarudi kwenye redio yake.

Weka tarakimu za mfano tu. Tuseme kubuni gari jipya, kulijaribu, kuligongesha ukutani kwa ajili ya vipimo vya usalama na kutengeneza vyuma vya kulifyatulia kunagharimu dola milioni 500. Ukiuza magari 2,000,000 katika uhai wake, kila moja linabeba dola 250. Ukiuza 100,000, kila moja linabeba dola 5,000 kabla hujanunua hata bolti. Na mtu anayetaka gari la spoti la bei nafuu ndiye hasa anayeumizwa na dola 5,000.

Kwa hiyo 86 isingewezekana bila kugawana mzigo. Toyota na Subaru waliibuni pamoja, chini ya mhandisi mkuu wa Toyota, Tetsuya Tada. Subaru wakatoa injini yao ya boksa, ile ambayo pistoni zake zimelala, na kiwanda chao cha Gunma, Japani, Toyota wakatoa teknolojia ya kupuliza mafuta. Gari moja likauzwa kwa majina mawili, 86 na BRZ. Hata Supra, jina zito kuliko yote pale Toyota, iliporudi 2019 ilirudi imeshikana mkono na BMW Z4, na yote mawili yakaundwa Graz, Austria. Baadhi ya mashabiki walinuna kwamba Supra imekuwa BMW. Kwa maoni yangu walipaswa kushukuru, maana bila BMW kusingekuwa na Supra ya kununia.

Mtihani wa 2012

Kuna hoja inayorudiwa sana vijiweni: wakishusha bei, magari haya yataisha kama njugu. Hoja hiyo ilikwishafanyiwa mtihani. Mwaka 2012 Marekani walipelekewa 86 kwa jina la Scion FR-S, dola 24,000 na ushee. Ilikuwa nyepesi, ikisukuma nyuma, yenye gia za mkono na siti nne kama utavumilia. Ni kila kilichoombwa. Mwaka 2013 zikauzwa kama 18,000. Kufikia 2015 zilikuwa zimeshuka hadi 10,000 na kidogo. Mwaka huohuo wa 2015, RAV4 ziliuzwa zaidi ya 300,000 nchini humohumo.

Huo mporomoko wa baada ya mwaka wa pili ni tabia ya aina hii ya gari, na si dalili kwamba lilikuwa baya. Mwenye familia hununua RAV4 mwaka wowote gari lake la zamani linapochoka, kwa hiyo wateja wapya wanazaliwa kila siku. Anayetaka gari la spoti amelisubiri miaka, analinunua mwezi wa kwanza, halafu foleni imekwisha. Waliobaki nje ya duka ni wale wanaosema watanunua baadaye.

Huyo wa baadaye ndiye kiini cha mzozo wote. Shabiki wa kweli mara nyingi ni kijana, hana fedha ya gari jipya, na bima nayo, kule Ulaya na Marekani, inamwadhibu vikali kwa umri wake na aina ya gari. Anasubiri bei ishuke. Miaka 6 au 7 baadaye analipata, analipenda, analipiga picha, anajiunga na klabu, anawashawishi wenzake kumi. Kelele zake ni za kweli na mapenzi yake ni ya kweli, lakini shilingi yake imekwenda kwa dalali na mmiliki wa kwanza. Kiwandani haikufika hata moja. Mwenye uwezo wa kulinunua jipya ni mtu wa miaka 55 ambaye watoto wamehama nyumbani, na huyo, magoti yakishaanza kulia, anafikiria mara mbili kabla ya kuketi inchi chache juu ya lami.

Hata Mazda MX-5, gari dogo la wazi ambalo ndilo mfano bora wa mafanikio katika ukoo huu, ilianza 1989 na kufikisha gari la milioni moja mwaka 2016. Ni miaka 27. RAV4 ilihitaji chini ya miaka mitatu kuuza idadi hiyo Marekani pekee, ukihesabu kuanzia 2018.

Na sisi tunaonunua mtumba

Afrika Mashariki sisi sote ni yule mtu wa baadaye. Magari yetu mengi yanashuka meli Mombasa na Dar es Salaam yakiwa yameshaishi maisha ya kwanza Japani. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8 tangu mwaka liliposajiliwa mara ya kwanza. Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018. Tanzania inaliachia liingie lakini inalitoza ushuru wa uchakavu likizeeka. Maana yake ni kwamba tunachagua kutoka kwenye kapu ambalo Mjapani alilijaza zamani. Kama yeye hakununua kupe jipya, sisi hatutalipata likiwa kuukuu. Jamaa wa Sinza anaomba Toyota wamtolee kitu, na Toyota hawajawahi kumwona.

Kiu ya spoti ipo lakini, na imepata njia yake ya kutokea. Itazame Mark X. Ina milango minne, injini ya V6 ya cc 2500, magurudumu ya nyuma, na ilitengenezwa kuanzia 2004 hadi 2019. Mke anakaa, watoto wanakaa, mkwe anakaa, na Ijumaa usiku barabarani kila mtu anajua mwenyewe. Wakenya nao wana Subaru zao, na anayedhani ule ni usafiri tu hajawahi kusimama Naivasha wakati wa Safari Rally. Kwetu, gari la spoti limevaa nguo za gari la familia, kinyume kabisa na Mustang.

Na anayechagua gari la juu asidharauliwe. Mtu anayepita Jangwani msimu wa masika anajua faida ya kila sentimita kati ya sakafu na maji. Anayembeba mama yake mwenye maumivu ya nyonga anajua mlango mpana ni heshima. Anayetaka gari limrudishie marejesho ya mkopo kwa teksi za mtandaoni anajua gari la milango miwili halikubaliwi. Spea za IST utazipata Gerezani kabla chai haijapoa; taa ya mbele ya 86 itakubidi uiagize, usubiri, na usali iwe ya upande sahihi.

Kuna uzushi mmoja tu hapa ninaokataa kuupitisha: kwamba kupe haziwezi barabara za Afrika. Mshindi wa Safari Rally ya 1971 alikuwa Edgar Herrmann akiwa na Datsun 240Z, na 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda tena na 240Z. Hilo lilikuwa gari la milango miwili na siti mbili, lililouzwa Marekani kwa dola 3,500 na chenji mwaka 1970. Celica nazo zikashinda mfululizo 1984, 1985 na 1986. Naam, yalikuwa yameinuliwa na kuimarishwa kwa ajili ya mashindano. Lakini tope lilikuwa la kwetu.

Majina yanafufuka, miili haifufuki

Viwanda vinajua kwamba majina ya zamani yana thamani, vikafanya jambo ambalo kwa shabiki ni sawa na kuona jina la marehemu babu kwenye duka la vipodozi. Mitsubishi Eclipse, kupe iliyofia mwanzoni mwa miaka ya 2010, ikarudi kama Eclipse Cross, gari la juu. Ford Puma, kupe ndogo ya 1997, ikarudi 2019 ikiwa gari la juu. Capri, ile ya 1969, ikarudi 2024: gari la juu, la umeme. Ukiuliza nani anadanganywa hapo, jibu ni hakuna. Mtu aliyekuwa na picha ya Capri ukutani akiwa na miaka 15 sasa ana wajukuu, na anataka buti kubwa.

Ukisikia pia kwamba gari fulani la spoti limeisha sokoni kwa saa chache, uliza yalikuwa mangapi. GR86, yaani kizazi cha pili cha 86, ilipofunguliwa kwa oda Uingereza, mgao wa kwanza uliisha ndani ya dakika 90. Habari ilienea kama ushahidi kwamba soko lina njaa. Mgao wenyewe ulikuwa mdogo, kwa sababu Toyota walipanga kuliuza Ulaya kwa miaka miwili tu kabla kanuni mpya za usalama za 2024 hazijadai vifaa ambavyo gari hilo halikubuniwa kuvibeba. Sambusa tano zikiisha kwa dakika moja haina maana mtaa mzima una njaa.

Jaribio la karibuni zaidi ni Honda Prelude, iliyorudi 2025 baada ya kutoweka 2001. Ni kupe kwa maana ya Kiswahili kabisa: imepanda juu ya Civic, ikachukua mfumo wake wa injini ya petroli na umeme, na baadhi ya vifaa vya miguuni vya Civic Type R, ile Civic ya spoti. Ng'ombe yupo na bado ananyonyeka. Lakini bei Marekani inaanzia dola 42,000, gia za mkono hazipo, na lengo la Honda kwao Japani lilikuwa magari 300 kwa mwezi. Hayo ni mahesabu ya kiwanda kinachomjua vizuri mteja wake, na mteja huyo hana miaka 25.

Pale Sinza, ile 86 ilipokwisha kufutwa, mwenyewe alijikunjua akatoka, akafungua mlango, akaanza kupambana na kiti cha mtoto kwenye siti ya nyuma. Alikiingiza kwa mgongo, akakitoa, akakiingiza kwa kichwa. Jasho likamtoka. Mwishowe akasema anaiuza, mtoto wa pili anakuja mwezi wa tisa, amepata Harrier mahali. Watu wakamzunguka. Bei? Akaitaja. Kimya kikapita, ikasikika pampu ya maji tu.

Yule jamaa wa Noah ndiye aliyeongea kwanza. "Kaka, nipe namba yako," akasema akitoa simu. "Ikishuka kidogo nistue."